Sabufa Isiyobebeka

Mara mbili mama yangu alisafiri kutoka Ushirombo kuja kuniona, na mara mbili alikuta nimehama. Mara ya pili ilikuwa Maganzo, enzi zile nachekecha changarawe za almasi. Alikuta mwanamume mwingine kwenye kitanda changu, na kwa kuwa alishafika na kuku wake mkononi, alikaa siku mbili akampikia yule. Mpaka leo wanasalimiana kwa simu. Mama anasema ni kijana mwenye adabu, tena hahamihami.

Kwa hiyo nilipopata chumba Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, na kumwambia kwamba safari hii nimetulia, aliniuliza kwanza kama begi bado ninalo. Kisha akasema, "Baba, mimi sipandi tena basi kumfuata mtu mwenye begi. Nunua kitu ambacho huwezi kukibeba begani. Ukishakinunua, niite."

Kitanda kilikuwa cha mwenye nyumba. Kabati ningeweka nini ndani, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa? Ila muziki naupenda, na katika nyumba ile kila mpangaji alikuwa na sabufa yake isipokuwa mimi, niliyesikiliza za wenzangu kupitia ukutani, wimbo huu robo, ule nusu. Nikapanda gari kwenda Geita mjini na akiba iliyotosha sabufa moja ya kawaida.

Dukani zilikuwepo mbili za bei yangu. Moja ilikuwa ya mbao, ndogo, imeshatumika, sauti yake safi. Nyingine ilikuwa kubwa, ina taa za rangi, na boksi lake limeandikwa wati elfu kumi na mbili. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo maswali yote ya kuanzia darasa la sita bado ninayo.

"Mashine ya yule fundi anayechomelea mageti hapo nje," nilimwuliza muuzaji, "inafika wati elfu kumi na mbili?"

"Haifiki, bosi."

"Sasa hii inafikaje?"

"Hizo ni wati za boksi," alisema bila kuona haya. "Za ndani utazisikia mwenyewe."

Alizifungulia zote mbili kwa zamu, lakini duka la jirani nalo lilikuwa linapiga muziki wake, na kila nilipotega sikio nilisikia wa jirani. Nikafanya nilichofundishwa na mashimo. Huku kwetu jiwe jepesi linatupwa, jiwe zito linatazamwa mara mbili. Nikazinyanyua. Ile ya mbao ilikuwa na uzito wa kuku wawili. Ile ya taa ilinivuta bega.

"Sumaku hiyo, bosi," muuzaji alisema.

Nilichukua nzito. Bodaboda alinisaidia kuiteremsha mlangoni, nami nikampigia mama hapohapo kumwambia tumeibeba watu wawili.

"Wawili?" akauliza. "Basi nakuja Jumapili."

Ningeiacha ilivyo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini Jumamosi asubuhi nilishindwa kuvumilia bila kujua wati zinakaa wapi. Nikaazima bisibisi kwa jirani, mchimbaji wa siku nyingi, naye akakaa pembeni kuilinda bisibisi yake. Tulipofungua tukakuta nyaya mbili, sumaku ya ukubwa wa kifuniko cha soda, na jiwe kubwa kama mkate limegandishwa chini kwa gundi.

Jirani alilitazama mara mbili.

"Hili limetoka wapi?"

"Si unaona? Kwenye sabufa."

"Na sabufa imetoka wapi?"

"Geita."

"Geita," alirudia, kama mtu aliyefunga kesi.

Nilimwonyesha boksi, limeandikwa kwamba sabufa imetengenezwa ng'ambo. "Boksi ndilo la ng'ambo," alisema. "Jiwe ni la kwetu." Akalilamba, maana jiwe likilowa ndipo linasema ukweli. Nami nikalilamba. Kufikia saa nne nyumba nzima ilikuwa imelilamba.

"Lina chumvichumvi," akasema mmoja.

"Ndivyo yanavyoanza mawe ya dhahabu," jirani akamjibu.

Kisha likaja suala la mgawo. Sabufa ilihesabiwa kuwa shimo, na shimo ni langu. Mwenye nyumba akatokea na kukumbusha kwamba eneo ni lake. Jirani alidai fungu la vifaa, kwa ajili ya bisibisi. Niliuliza ni nani angeficha dhahabu kwenye sabufa na kuiuza bei ile.

"Asiyejua kama imo," jirani alisema. "Wewe ulijua?"

Tukalipeleka karashani likasagwa, kisha mwaloni, wanakooshea mchanga. Mwoshaji alizungusha karai mara tatu, akachota mchanga kidogo, akausugua kwa vidole.

"Saruji hii," alisema.

Tukarudi. Karibu na nyumbani jirani akasema, "Saruji nzuri, lakini."

Mama alifika Jumapili saa nane na gunia la michembe, viazi alivyovikata na kuvianika mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba huku macho yake yakitafuta chumbani. Nilikuwa nimeipandisha sabufa juu ya stuli na kuifunika kitambaa. Nikamwekea kwaya anayoipenda. Besi ya kwanza ilipopiga, sabufa ilisogea. Ya pili, ikafika ukingoni. Niliidaka, nikaiweka sakafuni, nayo ikaendelea kutembea na wimbo wake, kitambaa kichwani, kuelekea mlangoni.

Mama aliitazama.

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama."

"Imefanana na wewe."

Akainama akaishika mpini, akainyanyua kwa mkono mmoja, mkono uleule wenye pochi. "Ndiyo hii ya watu wawili?"

Nikamweleza yote, kuhusu jiwe, kulilamba, mgawo na karasha. Nilidhani atachukua gunia lake arudi stendi. Aliuliza tu kama mwenye nyumba naye alilamba. Nikasema alilamba. Akakaa kitandani akacheka mpaka akavua kilemba ajifutie machozi.

Kisha akasema, "Lete gunia."

Tukalipandisha juu ya sabufa, safari hii kweli watu wawili. Kwaya ikaimba ikiwa imetulia, sauti nzito kidogo, kama ya watu wanaoimba huku wanakula.

"Utakula humohumo," alisema siku alipoondoka. "Likipungua, niambie."

Linapungua. Mwezi wa pili michembe ilipofika nusu, sabufa ilianza kusogea kidole kimoja kwa kila wimbo. Nikampigia simu.

"Imeanza kutembea, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Basi nakuja," alisema. Hili sasa ni gunia la nne.