Mwanamke wa Kando ya Mto

Harufu ya gundi ya viatu ndiyo inayonirudisha Guangzhou, Uchina. Ilitanda mtaa mzima wa Zhanxi, soko la viatu, ikakuingia mpaka kwenye nguo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka saba, nimefuatana na baba, mfanyabiashara wa Unguja aliyenunua huko viatu na mapambo ya nyumba. Mama alikuwa amefariki, ila mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa amesafiri. Basi baba aliposema na sisi tunasafiri, nilijua tunamfuata. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kwetu mtoto akiuliza ya wakubwa hufinywa, nikanyamaza.

Nikamtafuta mama katikati ya mikokoteni na marobota, nisimwone. Siku moja tukaingia kwa mchoraji, nyuma ya maduka ya viatu. Alikuwa akinakili kwa rangi za maji picha ya kale ya Ulaya, ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa: kijiji cha milima ya Alpi, vilele vyeupe pe, nyumba za mbao, moshi mwembamba. Kando ya mto alisimama mwanamke mwenye ndoo, amejitanda kitambaa kama mama, ametupa kisogo. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Kumbe huko ndiko mama alikosafiri!

Baba naye aliipenda, akataka nyingi za kuuza nyumbani. Kasoro ilikuwa moja: wateja wake hawatundiki sura ya mtu kwenye chumba wanachosalia.

“Laoban,” akamwita mchoraji, yaani bosi, kwa lugha ya sokoni, akimgusa mwanamke kwa kidole, “mlima okei, nyumba okei. Mtu bu yao. Mtu no, toa!”

Mchoraji akalowesha sponji, akaanza kumfuta.

“Baba, asimtoe!” nikapiga kelele. “Mama atarudije?”

Baba alinitazama, machozi yakamtoka mbele za watu. “Twende tukale, mwanangu,” akasema. Nilichanganyikiwa kabisa. Kama ni mama, kwa nini anafutwa? Kama si mama, kwa nini baba analia? Tuliporudi kwa mchoraji, pale aliposimama yule mwanamke palikuwa na majani mabichi.

Siku hizi watoto huuliza wapendavyo, na hakuna wa kuwafinya. Binti yangu aliponiuliza bibi yake yuko wapi, nilimpeleka makaburini.

“Yuko hapa,” nikamwambia. “Alikufa.”

Akaelewa papo hapo, akasoma Fatiha yake, akataka twende zetu. Mimi, mama mzima, nilishindwa kuondoka. Bado namsubiri arudi.