Rangi ya Unga wa Kathambi

Kathambi wa Mitunguu, waliyemwita Mama Mutwiri, hakuanika viazi juani. Majirani walimcheka, maana Mitunguu jua ni la bure, lakini yeye alikata viazi vyake vitamu vya rangi ya chungwa vipande vyembamba, akavitandaza kivulini nyuma ya migomba na kuvigeuzageuza siku nne nzima. Afisa wa kilimo alikuwa amemweleza kwamba ile rangi ndiyo beta-karotini yenyewe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwamba jua huila. Kathambi akalishika neno hilo kama Amri Kumi.

Kila alipowapelekea akina mama wa kliniki unga wa uji aliwahubiria: angalieni rangi, rangi ndiyo dawa, unga uliopauka msiwape watoto. Aliyemsikiliza kuliko wote ni Teresia, ambaye mwanawe alikuwa akijikwaa kwenye vigoda kila jua likitua. Hospitalini walisema amepungukiwa na vitamini A, wakampa dawa, wakasisitiza pia chakula cha namna hiyo. Kathambi alijiapiza kuwa mtoto huyo hatakosa uji.

Baadaye uuzaji wote, hata wa kliniki, alimwachia Kajuju. Wawili hao walibatizwa siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na sasa Kajuju alikuwa na duka mtaa wa Dallas, Embu. Ni yeye aliyeomba picha ya kuweka kwenye pakiti. Kathambi alivaa kitambaa chake cha kanisani, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kumbe alikuwa akijichimbia kaburi huku akicheka.

Mwezi wa nane alipeleka gunia la unga mwenyewe. Dukani aliziona pakiti zake zimepangwa dirishani, zinapigwa na jua, na unga unang'aa kama soda ya machungwa. Akauliza zimekaa hapo tangu lini. Tangu Aprili, Kajuju akasema kwa fahari. Moyo wa Kathambi ukashtuka, kwa sababu unga wake, hata ukifichwa gizani ndani ya debe, baada ya miezi miwili huanza kufifia.

Aliingia jikoni nyuma ya duka, akatia kijiko cha unga ule kwenye maji baridi. Maji yakawa ya chungwa papo hapo, jambo ambalo unga wake haufanyi. Akatia kingine kwenye mafuta ya moto, ambayo unga wake huyatia rangi kila siku. Mafuta yakabaki vilevile. Akauonja: ulikuwa unga wa muhogo na rangi ya keki. Na juu ya pakiti, yeye anatabasamu.

Kajuju hakuona hata haya. Alisema viazi havitoshi na wateja wa mjini hawataki unga uliofifia.

“Watu wananunua rangi, Mama Mutwiri,” akasema. “Si ni wewe uliwafunza?”

Kathambi aliona heri angetukanwa mbele ya kanisa zima kuliko kusikia hilo. Iliuma kwa sababu aliyesema ni mtu aliyemjua tangu utotoni, na iliuma zaidi kwa sababu maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alibeba unga wake wa mwisho, uliokaa miezi mitatu ndani ya debe, akaenda kwa Teresia. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha uji, midomo yake ya chungwa. Kathambi alieleza yote: muhogo, rangi ya keki, maji na mafuta. Alimsihi Teresia amwage ule uji, akasema ni macho ya mtoto wanayochezea.

Teresia alileta pakiti kutoka rafuni. Akautazama uso uliochapishwa pale, akamtazama Kathambi, kisha akafunua debe la unga alilopewa. Alichota kidogo kwa vidole, akausogeza mwangani.

“Huu umepauka, Mama Mutwiri,” akasema polepole. “Ulituambia tukiona hivi tusiwape watoto.”

Akalifunga debe vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akainama na kumwongezea mwanawe uji.