Folda za Wifi na Kaka

Wifi yangu huandika programu za kompyuta kwenye meza ileile tunayolia chakula. Mume wake, yaani kaka yangu, ni nesi wa zamu za usiku, mchana hulala. Kompyuta ni moja, nao hupishana mlangoni, basi huongea kwa majina ya folda, vile vikasha vya kuhifadhia faili. Wifi alianza na "usiguse-kazi-yangu-mume-wangu". Kaka akafungua nyingine ndani yake: "sijagusa-ila-nimekukumbuka-sana". Kila jibu linakaa ndani ya lililotangulia, na kazi yenyewe inasukumwa chini kabisa. Niliwaambia wazi kwamba wana wazimu.

Siku moja programu ya wifi ilitakiwa kuonyeshwa wateja alasiri. Ikishindikana, kazi anapewa mwingine. Asubuhi kompaila, ile inayogeuza maandishi yake kuwa programu kamili, ikagoma. Akampigia mwenzake wa ofisini, tunayemwita Kwangu-Inakubali.

"Mbona kwangu inakubali?" akajibu. Angesema nini kingine!

Wifi akainamia skrini mpaka chai ikapoa. Ghafla akapiga kigelegele. Aliyetengeneza kompaila ya ofisi yao alitenga nafasi ya kipimo kimoja kisichobadilika kwa anwani ya faili, yaani mfululizo wa majina ya folda zote inamokaa, na majina ya folda za wapenzi hawa yakiunganishwa yalizidi nafasi hiyo.

"Si ufute hayo mafolda, dada?" Kwangu-Inakubali akacheka kwenye simu. "Weka kazi kwenye folda moja, iite A, yaishe."

Kidole cha wifi kikasimama juu ya kitufe cha kufuta. Mimi niliyekuwa nawakejeli nikamshika mkono.

"Wifi, usifute!"

"Nifute maneno ya mume wangu kwa kosa la kompaila? Thubutu!"

Akaifungua kompaila yenyewe, akaondoa kile kipimo, akaiagiza ipime anwani kwanza ndipo itenge nafasi ya kuitosha. Akabonyeza. Ikapita! Tukaizunguka meza tukicheza, na alasiri wateja wakaipokea kazi kwa makofi.

Jioni alimsimulia kaka palepale mlangoni. Kesho yake tukakuta folda mpya, jina limevuka ukingo wa skrini: "kumbe-ulinitetea-mbele-ya-mwenzako-wa-ofisini-mke-wangu-sasa-nitasema-yote-niliyokuwa-nafupisha", na bado linaendelea. Wifi alilisoma mpaka mwisho huku akijifuta macho.

Alipoenda kuoga, nikafungua yangu humo ndani: "nami-nawapenda-lakini-nunueni-kompyuta-ya-pili". Aliporudi akaisoma, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaihamishia kazi yake humo. Kompaila haikulalamika.