Samaki Mmoja wa Mazalia

Mimi ni mtu wa Kitura, huko Mbinga, wa milima na kahawa. Maji mengi niliyoyazoea ni ya ndoo. Baba mkwe aliponialika nikaone miamba isiyovuliwa, nilitaka aone kwamba binti yake hakuolewa na gogo.

Kijiji chao cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa kimeitenga miamba ile iwe mazalia ya samaki, na yeye ndiye kiongozi wa walinzi. Alipiga kasia huku akinionyesha maboya ya mpaka, mnandi, wale ndege weusi wala samaki, wakianika mabawa juu ya jiwe, na fisi maji aliyetutazama kana kwamba tumeingia jikoni kwake. Kisha akanivalisha miwani ya kuzamia, nikainamisha uso majini. Loo! Samaki wa bluu, wa njano, wenye milia, wote wanakwangua ukoga kwenye mawe wala hawana habari nasi. Nilicheka hadi nikanywa ziwa.

Hapo uroho ukaniingia. Kwetu mpita njia akivunja muwa mmoja wa jirani akautafuna palepale, hakuna anayemwita mwizi. Samaki mmoja tu, nikawaza, nimpelekee mama mkwe. Mfukoni nilikuwa na ndoano na uzi, nilivyobeba ili nijifanye mvuvi. Baba mkwe alipogeuka kuwatazama mnandi wake, nikatumbukiza. Akanasa papo hapo, wa bluu, mdogo, hata kitoweo cha paka hafai.

"Mkwe," baba mkwe akasema taratibu, "mrudishe."

Nikamrudisha, akapiga mkia akaenda zake. Nikadhani yamekwisha.

"Sheria tumeitunga wenyewe," akaniambia tukirudi. "Anayevua pale husimama kanisani Jumapili wakati wa matangazo, akasema mwenyewe. Nikikuficha wewe, kesho nitamkamata nani?"

Nilitamani kupanda gari la kwanza la Mbinga. Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta, mimi nikanuna siku mbili nzima.

Jumapili ilipofika, katekista alimaliza matangazo yake, nikasimama. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele.

"Nilivua samaki mmoja kwenye mazalia," nikasema. "Nimekosa."

Minong'ono ikaanza: mkwe wa mlinzi mwenyewe! Aibu ilinichoma hadi masikioni. Ndipo baba mkwe akainuka, akapita katikati ya mabenchi, akaja kusimama kando yangu.

"Mtumbwi ulikuwa wangu," akasema. "Mimi mlinzi nilitazama kwingine. Nami nimekosa."