Kipoza Oili cha Wendell Kivela

Wendell Kivela alijua kila kitu isipokuwa kile alichokuwa amekishika mkononi wakati huo. Kaskazini mwa Minnesota watu wa aina yake hawaadimiki, ila wengi baridi huwafunza adabu mapema. Yeye ilimchapa miaka hamsini na minane, ikachoka yenyewe.

Mwaka huo alitaka jambo moja tu: kumtangulia dada yake Arlys ziwani. Kibanda chako cha kuvulia samaki kikishatua juu ya barafu ya ziwa lililoganda, mahali hapo ni pako msimu mzima, wala hakuna wa kukusogeza. Na pale juu ya mwamba wa chini ya maji aliouvulia marehemu baba yao, ambapo samaki hujipanga kama wanaosubiri kupakuliwa, Arlys alikuwa amekaa misimu mitatu mfululizo.

Wendell alijenga kibanda kikubwa kuliko akili yake. Kwa kuogopa kwamba kukivuta kutaunguza giaboksi ya pikapu yake, akaagiza kipoza oili kipana kama sinia, cha watu wanaovuta mizigo jangwani. Akakifunga mbele ya rejeta, kisha akachomoa mipira ya oili ya giaboksi kwenye rejeta na kuiunganisha yote kwenye kipoza.

Arlys, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kutengeneza magari ya kuzoa theluji, akachungulia chini ya boneti.

"Kaka, mbona umeiruka rejeta? Ndiyo inayoipasha oili moto. Ianzie kwenye kipoza, imalizie kwenye rejeta."

"Rejeta ni joto, dada. Mimi nataka ubaridi."

"Ubaridi?" Arlys alitazama nje, ambako hata mbwa alikuwa anakojoa kwa haraka. "Umeukosa wapi?"

"Wivu huo."

"Haya bwana. Basi ziba mbele hata kwa kipande cha boksi, upepo usiingie."

"Maboksi ni ya vikongwe."

"Ndiyo maana wana magari yanayotembea."

Asubuhi ile barafu ilipofikia unene wa kubeba gari, baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Injini ilinguruma vizuri, lakini oili ilikuwa imeganda ndani ya lile sinia la kipoza kama uji wa jana, na giaboksi ikang'ang'ania gia ya pili. Wendell alitambaa hivyo njia nzima, akitukana. Alipitwa na basi la shule. Alipitwa na mchungaji wa Kilutheri, mtu ambaye hajawahi kumpita yeyote.

Alipofika, moshi ulikuwa unafuka kutoka kibanda kilichotua juu ya mwamba wa baba. Pikapu kuukuu ya Arlys ilikuwa pembeni, imezibwa mbele kwa boksi la friji.

"Karibu kahawa, kaka!"

"Iko moto?"

"Moto sana. Au niitoe nje kwanza?"

Wendell aligeuza pikapu. Alikivuta kibanda chake, kwa gia ileile ya pili, hadi kwenye magugu ya upande wa pili. Huko alivua visamaki vya urefu wa kidole msimu mzima. Na giaboksi, tusimwonee, haikuungua hata kidogo.