Kuuliza Polepole

Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, hapa mtaa wa Shari, kuna msumari, na kwenye msumari huo kilikuwa kinaning'inia kipira chekundu. Karibu kila nyumba ninayoijua Bunia ina kipira hicho. Unakikamua, kinavuta maji, unapaka ncha yake mafuta, na mtoto anapigwa lavema, maji ya kuingizwa kwa nyuma. Tumbo likijaa, lavema. Homa ikipanda, lavema. Mtoto akilia bila sababu, lavema itamtafutia sababu. Mimi nilipigwa, mume wangu alipigwa, na sidhani mtaani kwetu kuna mtu mzima wa kujivuna kwamba yeye alisalimika.

Kila mama anajua pia kwamba ukienda kituo cha afya, habari ya kipira inabaki nyumbani. Wauguzi hawataki kuisikia, na wana haki, maana watoto wengine wanaumizwa. Shida ni midomo yao. Ukikiri, utagombezwa mbele ya foleni nzima mpaka utamani ardhi ikumeze. Kwa hiyo tumejifunza jibu moja, na tunalitoa kwa uso mkavu: hatukumpa kitu.

Binti yetu wa kwanza alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia viti alipopatwa na homa. Mume wangu alikuwa ameenda Tchomia kununua samaki. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto, na mama mkwe. Huyu mama alikimbia vita upande wa Djugu, akaacha shamba, ng'ombe na kaburi la mume wake, akaja kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Ni mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hata akikaa kupumzika, utamkuta anachambua maharage. Siku hizo tulikuwa bado hatujazoeana, na mimi, sifichi, nina hasira za karibu.

Asubuhi hiyo nilimwachia mtoto nikakimbia sokoni. Niliporudi, mtoto alikuwa amelegea mapajani mwake, jasho la baridi usoni, macho nusu wazi. Nilimwita, hakugeuka. Ndani ya beseni, kando ya mlango, kipira kilikuwa kimelowa.

Sikumbuki nilimwambia nini yule mama, na ni vizuri sikumbuki. Tulipanda pikipiki moja, mtoto kifuani kwangu, yeye nyuma yangu akisali kwa sauti ndogo njia nzima.

Kituoni tulipokewa na muuguzi mmoja, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtazama mtoto mara moja, akatuingiza mbele ya wengine. Alimtoboa kidole, akapima malaria, akaikuta. Huku akitayarisha dawa aliuliza mtoto amepewa nini nyumbani. Nilisema nilikuwa sokoni. Akamgeukia mama mkwe.

“Hatukumupa kitu, muganga,” alisema mama mkwe.

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kitenge. Sijawahi kuiona ikitulia hivyo, na hapo nikajua kuna jambo zaidi ya maji ya kawaida. Nilifungua kinywa nimpasulie. Muuguzi aliniinulia kiganja, ninyamaze.

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona katika kituo chochote. Akawaomba wanawake waliokuwa wanachungulia warudi kwenye benchi. Akafunga mlango. Akavuta kigoda kifupi, akakaa chini kuliko mama mkwe, hata ikabidi amtazame kwa kuinua kichwa.

“Mama, hata mie mama yangu alinipigaka lavema,” alisema. “Siulizi juu ya kukugombeza. Nauliza juu sitaki niweke dawa bila kujua ingine yenye iko mu mwili ya mutoto. Unisaidie.”

Mtoto alikuwa anapumua kwa shida mikononi mwangu. Nilitaka kumtikisa yule mama aseme. Muuguzi hakumtikisa, alingoja tu, na mimi nikaona jinsi mama mkwe alivyokuwa akiogopa. Alikuwa mwanamke aliyebakiwa na nyumba moja tu duniani, nyumba ya mwanawe, na sasa alitakiwa kusema neno ambalo pengine lingemfukuza humo.

“Nilisaga vidonge ya kinini, dawa ya malaria, nikatia mu maji ya lavema,” akasema. “Nilitia mingi, juu homa ilikuwa kali.”

Muuguzi hakusonya wala kutikisa kichwa. Alisema, “Aksanti sana, mama,” akainuka haraka, akapima sukari ya mtoto. Ilikuwa imeshuka vibaya. Akamtundikia maji ya sukari kwenye mshipa, na tukakaa kungoja. Kilio kilipotoka, kilikuwa cha hasira, cha mtoto anayetaka kujua nani amemchoma mkononi. Nilicheka na kulia pamoja. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Baadaye muuguzi alimweleza mama mkwe ukweli wote. Kinini nyingi hushusha sukari, ile ingeweza kumuua mtoto, na asirudie tena, si kwa huyu wala kwa mwingine. Hakumpunguzia hata kidogo. Lakini alimweleza peke yake, sauti ileile ya chini, na mama mkwe alilia bila kujificha.

Kesho yake mume wangu alifika kituoni kutoka Tchomia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akauliza nani amemfanyia mtoto hivi. Jibu lilikuwa limeiva ulimini mwangu. Muuguzi alinitangulia.

“Ilikuwa malaria, na sukari ilishuka,” alisema. “Mama yako njo alituambia yenye tulihitaji kujua. Bila yeye tungechelewa.”

Hakuna neno la uongo hapo. Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu. Nilimeza langu, na halijatoka mpaka leo. Kwa maisha ya mtoto wangu nitamshukuru muuguzi huyo hadi nizikwe, lakini kwa maneno yale ya mlangoni namshukuru karibu sawasawa. Tulirudi nyumbani wote wanne.

Binti sasa yuko shule, na mdomo wake ni wangu kabisa. Muuguzi yule alihamishwa. Kipira kipo, ila kazi yake ni kumwagilia miche ya nyanya ya mama mkwe, na nyanya hazijawahi kulalamika.

Majuzi mimi na mama mkwe tulimpeleka kituoni mdogo wa binti, anakohoa. Muuguzi alikuwa mpya, dada mmoja mchanga aliyechoka kwa wingi wa watu. Mbele yetu alikuwepo mama na mtoto mlegevu kifuani, na dada alikuwa anampigia makelele tangu mlangoni: umempa nini, nyie mmezoea kuua watoto, sema. Mama yule aliinamisha kichwa akatoa jibu letu la siku zote. Hatukumpa kitu.

Mama mkwe aliniwekea mjukuu mapajani. Akainuka kwenye benchi, akaingia chumbani kwa muuguzi, akakaa karibu na yule mama, akamshika mkono.

“Mwana yangu,” akamwambia muuguzi, “funga kwanza mulango. Kisha umuulize polepole. Atasema. Hata mie nilisemaka.”

 Dada akaenda, akafunga mlango.