Nusu ya Baraza

Mama mdogo hulipwa kwa kazi ya kulaumu nyumba za watu. Ndivyo ninavyowaeleza wasichana wenzangu wa kidato cha tatu wakiniuliza Jumamosi huwa napotelea wapi. Mtu anajenga gesti au anakarabati zahanati, anamwita. Mama mdogo anafika na kitimwendo chake, anapita kila mlango, kisha anamwambia mwenye jengo kwa upole kwamba choo chake kizuri chenye vigae vya maua watakiingia wenye miguu miwili tu. Miguu yake yeye iligoma akiwa na miaka mitatu. Mimi hushika ncha ya futi, huandika vipimo, na hujibu maswali ya kijinga.

Maswali ya kijinga hayaishi. Watu wakimwona amekaa, wanaongea na mimi niliyesimama. Kule Horohoro mwenye gesti mmoja aliniuliza, "Huyu mama anasikia?"

Nikamwambia, "Anasikia, na ana shahada mbili. Aliyefeli hesabu ni mimi, ila endelea kuniuliza mimi."

Mama mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. Basi mimi nikajiona mtaalamu. Miaka miwili ya kushika futi, nikaamini hakuna jipya la kunifundisha.

Halafu tukaitwa Ngamiani, kwenye nyumba moja ya zamani yenye baraza mbili za mawe za kukalia, moja kila upande wa mlango, na ngazi mbili za kushukia barabarani. Aliyetuita alikuwa kaka mkubwa wa nyumba, mtu mzima mwenye kitambi na adabu nyingi. Baba yake alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala, maneno yanatoka polepole, na tangu atoke hospitali anakaa kwenye kitimwendo.

"Tunataka choo cha uani kipanuliwe," kaka alisema. "Mlango uwe mpana, awekewe na vyuma vya kushikia. Mzee astarehe ndani."

"Na nje?" mama mdogo akauliza.

"Nje anatafuta nini, dada yangu? Kila kitu tunamletea. Halafu rampu tunayo." Akatuonyesha kijiteremko cha saruji pembeni ya ngazi, kile ambacho kila nyumba ya mtaa ule inacho cha kuingizia pikipiki jioni. Kimesimama karibu wima. Pikipiki yenyewe hupandia pale kwa kelele, tena na mtu wa kuisukuma nyuma.

Mama mdogo akaomba kumwona mzee.

Kumwingiza mama mdogo ndani kwenyewe ilibidi apite uani, kwenye mlango wa nyuma, kati ya masufuria na wanawake waliokuwa wanachambua mchele wa harusi. Binti mdogo wa nyumba alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Mzee tulimkuta ukumbini, amevaa kanzu safi, uso umeelekea mlango wa mbele uliofungwa.

"Shikamoo babu!" nikasema, na papo hapo nikaanza kufungua futi.

"Hajakujibu," mama mdogo akanambia. "Umemsalimia au umempigia honi?"

Nikasimama. Midomo ya mzee ilikuwa inatafuta njia. Ikapita kama nusu dakika, na kwangu nusu dakika bila kuongea ni ugonjwa. "Ma... rahaba," akasema mwisho, akanitazama kama mtu aliyemaliza kupanda mlima.

Mama mdogo akajitambulisha, akamuuliza, "Baba, wewe unataka nini kibadilike hapa?"

Mzee akaanza. "Na... taka..."

"Choo," kaka akasema.

"Nataka..."

"Maji?" mimi nikadakia, kwa nia njema kabisa.

Mama mdogo akainua kidole tu, tukanyamaza wote wawili. Saa ya ukutani ikawa inapiga peke yake. Maneno yakatoka moja moja, na yalipotimia yalikuwa haya: anataka kutoka kwa mlango ule wa mbele, amwozeshe binti yake mwenyewe.

Kaka akajikuna shingo. Mambo yalikwisha kupangwa. Ndoa ingefungwa mbele ya nyumba, wanaume kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake ndani. Baba yake mdogo, yaani ndugu wa mzee, angekuwa wakili, aoze kwa niaba. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Walitaka kumpunguzia tabu. Ila hakuna aliyemuuliza.

"Na akitaka sana," kaka akasema, "vijana wanne watambeba na kiti chake, dakika moja yuko nje."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotangulia. "Raha hiyo babu! Wenzako wanalipa kubebwa, wewe bure!"

Hakuna aliyecheka. Mzee aliangalia magoti yake. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake, ndiye aliyetueleza. Sikukuu ya Idd iliyopita vijana walimbeba hivyo hivyo kumpeleka kuswali. Kwenye ngazi mmoja akateleza, kiti kikalala upande, kanzu ikapanda mpaka mapajani, barabara nzima inatazama. Mzee hakuumia mahali. Tangu siku hiyo hajatoka nje.

Nilitamani nijifunge kwenye ile futi nirudi ndani ya kasha lake.

Tukapima. Ngazi mbili ni sentimita thelathini na sita, na kwa kanuni ya mama mdogo kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Nikapiga hesabu kwa simu maana mimi na hesabu tunajuana: mita nne na sentimita thelathini na mbili. Kwenda moja kwa moja ni kuingia katikati ya barabara. Nafasi iliyobaki ni kando ya ukuta, na kando ya ukuta ndipo ilipo baraza ya kushoto.

"Baraza haivunjwi," kaka akasema, na adabu ikapungua kidogo. "Babu zetu wamekaa pale. Watu wataona hii nyumba imekwisha. Halafu, samahani baba, hata ukitoka, mkono wa kulia haufanyi kazi. Utamshikaje bwana harusi mkono ukimwozesha?"

Tukangoja. Safari hii nilibana midomo kwa vidole, kweli kabisa.

"Mkono... si sharti," mzee akasema. "Ulimi... ndio sharti." Akavuta pumzi. "Vunja."

Njia nzima ya kurudi kwetu Usagara nilikuwa kimya, jambo ambalo mama mdogo alilifurahia kwa muda. Kisha akaniuliza, "Siku ile ya wazazi shuleni kwenu, nilikuomba?"

Nilijua anasema nini. Mkutano ulikuwa ghorofani. Nikakusanya wavulana wanne wa darasani, tukamnyanyua na kiti chake, mimi mbele napiga kelele, "Pisheni, malkia anapita!" Nikapiga na video, nikaituma kwenye kundi la darasa. Mpaka Jumamosi hiyo nilikuwa naihesabu kama wema wangu mkubwa kuliko wote.

"Mbona ulicheka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa hewani, mwanangu, mikononi mwa watoto wanne wanaocheka. Ulitaka nifanye nini?"

Akanituma mchicha. Nilifuta video, lakini nilijua wenzangu wanayo.

Fundi alivunja baraza ya kushoto, ikabaki nusu, ile ya kulia, na rampu ya kwanza akaijenga ya pikipiki, maana ndiyo aliyoizoea maisha yake yote. Mama mdogo akaweka pima maji juu yake kuangalia mwinamo, akamwambia abomoe. Fundi akaniuliza mimi kama huyu mama ana hakika. Nikamwelekeza kwa mwenyewe kwa mkono wote. Akabomoa. Ya pili ilikauka siku nne kabla ya ndoa.

Siku yenyewe nilikuwa dirishani na bibi harusi, tumebanana na shangazi zake, tunachungulia. Mlango wa mbele ulifunguliwa pande zote mbili. Mzee akatoka. Anasukuma gurudumu kwa mkono wa kushoto, anajizuia kwa mguu wa kushoto, kidogo kidogo kando ya ukuta. Katikati akasimama. Vijana wawili wakaruka kwenda kumshika. Akawainulia kiganja, wakabaki pale pale kama waliopigwa picha. Wanaume zaidi ya hamsini wamekaa kwenye mikeka wanamngoja mtu mmoja apumzike. Kisha akaendelea.

Chini mtu akasema magurudumu yana vumbi, yasipande mkeka. Shehe akatazama, akaagiza kiti cha plastiki. Bwana harusi akainuka mkekani, akaketi kitini, magoti yake mbele ya magoti ya mzee, na kabla hajagusa kitu akauliza, "Nikushike mkono, baba?" Mzee akaitika kwa kichwa. Kijana akauinua ule mkono uliolala, akaufunika kwa viganja viwili.

"Nime... kuoza..." mzee akaanza, akakwama. Ndugu yake, aliyekuwa awe wakili, akafungua mdomo. Shehe akamtazama, naye akaufunga. Bibi harusi alikuwa ameshika nondo ya dirisha mpaka maua ya hina yake yakakunjamana. Mimi jina lake nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, ningeweza kulirusha kupitia dirishani. Sikulirusha. Likatoka kwa baba yake, herufi moja ikibururana na nyingine, na mahari ikatajwa, na kijana akajibu, "Nimekubali," kwa haraka kama aliyeogopa mzee atabadili nia. Watu wakacheka, vigelegele vikapasuka masikioni mwangu.

Baada ya pilau, turubai likaanza kufunguliwa. Kaka mkubwa akamsogelea baba yake na kumwinamia.

"Baba, tuingie sasa upumzike."

"Niache," mzee akasema. "Nina... wageni."

Kaka akatazama ile nusu ya baraza iliyobaki. Akaenda akaketi.